Nafasi ya udaktari kwa mtoto wa Lamu: pointi zinavyohesabiwa na mahali haki inapopotea

Mgonjwa akizidiwa usiku kule Faza, kisiwani Pate, watu huuliza kwanza hali ya maji. Yakiwa yamekupwa, boti ya kwenda Lamu haipiti mlango mwembamba wa Mkanda, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hungoja maji yajae hata kama mtoto hangoji. Daktari aliyekulia Pate analijua hili tangu utotoni. Akimwona mama ambaye huenda akahitaji upasuaji, humwandikia rufaa mapema, kwa sababu saa za maji anazo kichwani. Aliyeletwa kutoka mbali hujifunza polepole, na mara nyingi akishajifunza, barua yake ya uhamisho nayo imeshafika.

Ndiyo maana swali la nani anaingia chuo cha udaktari linatuhusu sisi wa Lamu na Malindi hata kama nyumbani hakuna mtoto aliyefanya mtihani mwaka huu. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, barazani husikika kauli mbili. Mmoja atasema watoto wetu wananyimwa. Mwingine atajibu kwamba wakipunguziwa pointi tutakuja kutibiwa na watu wasiojua kazi. Wote wawili wana uchungu wa kweli, lakini wamechanganya mambo manne ambayo kila moja lina ofisi yake na dawa yake.

La kwanza ni sifa ya chini. Shahada yoyote nchini Kenya huanzia wastani wa C+, na udaktari huongeza masharti ya alama katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Asiyetimiza sifa ya chini hawezi kuingia hata akipewa upendeleo wa namna gani. La pili ni pointi za mwisho za kuingilia, na hapa ndipo wengi hukosea. Hakuna anayekaa ofisini akaziamua. Walioomba hupangwa kutoka juu kwenda chini, nafasi zikijaa, pointi za mtu wa mwisho kuingia ndizo zinazotangazwa. Waombaji hodari wakizidi, pointi hupanda bila mtu kubadilisha kanuni hata moja. La tatu ni hatua za usawazishaji, ambazo ni jambo la kikatiba. La nne ni pesa: kuna mtoto anayechaguliwa kwa haki kabisa na asifike chuoni kwa kukosa karo, nauli na mahali pa kulala.

Pointi zenyewe

Upangaji hufanywa na KUCCPS, bodi ya kuwapanga wanafunzi vyuoni, iliyochukua kazi ya bodi ya zamani ya JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kila alama ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ina thamani yake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kushuka hivyo hivyo. Masomo saba yakijumlishwa, jumla ya juu kabisa ni 84. Masomo manne yanayohusu kozi huitwa klasta, na jumla yake ya juu ni 48. Msingi wa hesabu ni huu: gawanya pointi zako za klasta kwa 48, gawanya jumla yako kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. KUCCPS hurekebisha kidogo kulingana na jinsi kila somo lilivyofanywa nchini mwaka huo, kwa hiyo namba ya kwenye tovuti inaweza kutofautiana na ya daftarini, lakini umbo la hesabu ni hilo.

Tuchukue mwanafunzi mwenye Biolojia A-, Kemia B+, Hisabati B+ na Kiswahili A. Klasta yake ni 43. Tuseme jumla yake ni 74, yaani A- ya wastani. Hesabu inampa pointi 42.64. Sasa mshushe ngazi tatu katika Historia pekee, kutoka B+ hadi C+. Jumla inakuwa 71, klasta haiguswi, naye anabaki na 41.77. Amepoteza chini ya pointi moja. Mrudishie Historia yake, kisha mshushe ngazi hizo hizo tatu katika Kemia. Klasta inakuwa 40, jumla 71, na pointi zake zinaanguka hadi 40.28. Amepoteza zaidi ya pointi mbili na theluthi, kwa kosa la ukubwa ule ule, kwa sababu Kemia imehesabiwa mara mbili: ndani ya klasta na ndani ya jumla. Katika udaktari, ambako watu hutenganishwa na sehemu ndogo ya pointi moja, pointi mbili ni umbali wa Kiunga na Malindi.

Kwa hiyo anayetaka kujua haki inapotea wapi asianzie ofisi ya upangaji. Aanzie maabara ya Kemia.

Bureti na alama tano

KCSE ya Kemia ina karatasi tatu. Mbili za nadharia zina alama 80 kila moja, na hizo 160 hupunguzwa kuwa 60. Karatasi ya tatu, ya vitendo, ina alama 40, na hizo 40 huingia zote kama zilivyo. Yaani asilimia 40 ya Kemia hupatikana kwa mikono, si kwa kukariri.

Tazama swali la titresheni, ambalo halikosekani. Mwanafunzi hutakiwa kusuuza bureti kwa myeyusho ule ule atakaoutia, aijaze, atoe faneli, asome chini ya mkunjo wa kimiminika macho yakiwa sawa na mstari, kisha adondoshe hadi rangi ibadilike kwa tone moja. Afanye hivyo mara tatu. Kabla ya kufika kwenye hesabu za moli, jedwali lile peke yake lina alama tano: moja ya kulijaza kikamilifu, moja ya desimali zinazolingana, moja ya usahihi ukilinganisha na jibu alilopata mwalimu, moja ya kutumia kwenye wastani majibu yasiyopishana zaidi ya 0.2, na moja ya usahihi wa wastani wenyewe.

Aliyeshika bureti mara ishirini huzichukua alama hizo tano bila jasho. Anayeishika kwa mara ya pili au ya tatu hukosea mahali panapojulikana. Bureti husomwa kutoka juu kwenda chini, sifuri iko juu na 50 iko chini, naye amezoea rula, akasoma kinyume. Husahau faneli juu, matone yakadondoka baada ya kusoma. Huandika 24 mstari mmoja na 24.10 mstari wa pili. Hufungua koki kwa woga mara ya kwanza na kwa haraka mara ya tatu, akapitiliza, rangi ya waridi ikapotea kabla hajafunga. Kisha huchukua wastani wa majibu matatu hata kama moja liko mbali. Hakuna hata kosa moja hapo linaloonyesha akili ndogo. Yanaonyesha shule ambayo wanafunzi kumi husimama kuizunguka bureti moja, mmoja akafanya na tisa wakatazama.

Maabara bila fundi wa maabara ni chumba tu. Kemikali zilizopitwa na wakati hutoa majibu ya ajabu, na mwalimu mmoja anayefundisha Kemia na Biolojia kwa vidato vyote hana saa ya kuandaa vitendo kila wiki. Ndiyo maana tunaona kwamba pesa zikiwa chache, bureti ishirini na mshahara wa fundi vitawaingiza watoto wengi zaidi udaktarini kuliko darasa jipya lenye jina la kiongozi ukutani.

Kuna habari njema moja ambayo haijasemwa vya kutosha huku kwetu. Nafasi ya lugha katika klasta ya udaktari inaweza kujazwa na Kiswahili, na tangu KCSE ya 2023 wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora. Mtoto wa Lamu ana mtaji hapo. Ila asidhani A ya Kiswahili inakuja yenyewe kwa sababu amezaliwa na lugha. Mtihani unataka Kiswahili sanifu, na anayeandika “ndia” kwa njia na “mato” kwa macho kama anavyosema na bibi yake atakatwa, ingawa Kiamu ndicho kilichobeba tenzi ambazo wengine husoma kwa kamusi. Afundishwe tofauti hizo waziwazi tangu kidato cha kwanza, bila kudharauliwa lahaja yake.

Sheria inasema nini, na inamhusu nani

Marekani, ambako mjadala huu ulifika mahakamani, chuo cha udaktari cha Davis huko California kilitenga nafasi 16 kati ya 100 kwa wanafunzi wa jamii za wachache. Allan Bakke, mzungu aliyekataliwa mara mbili, alishtaki. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliharamisha nafasi zilizotengwa kwa idadi, lakini ikaruhusu rangi ya mtu ifikiriwe pamoja na mambo mengine. Mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Harvard, ikaufunga hata mlango huo mdogo.

Kenya imeandika kinyume chake. Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iwape jamii za wachache na zilizotengwa nafasi maalumu katika elimu. Kifungu cha 27(6) kinaamuru hatua za kurekebisha hasara ya ubaguzi uliopita. Sheria ya Vyuo Vikuu nayo, katika sehemu ya 56, inaitaka bodi ya upangaji itunge vigezo vya usawazishaji kwa waliotengwa, jamii za wachache na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo anayeomba usawazishaji haombi hisani. Anadai kilichoandikwa.

Ugumu unaanza kwenye swali la pili: aliyetengwa ni nani? Tume ya Ugavi wa Mapato, katika sera yake ya kwanza, ilizitaja kaunti 14 kuwa zilizotengwa, Lamu na Kilifi zikiwemo. Kwa kugawa pesa za barabara na maji, kaunti inafaa. Kwa kuchagua wanafunzi, ni wavu wenye matundu makubwa. Mtoto wa mfanyabiashara wa Lamu anayesoma shule ya kulipia Nairobi ni wa Lamu kwenye karatasi. Mtoto wa Waaweer, jamii ndogo ya msituni, kule Basuba, ambako shule zilifungwa kwa muda mrefu kwa ukosefu wa usalama ulioanza 2014, ni wa Lamu vilevile. Aliyekulia Malindi mjini na aliyekulia Chakama ni wa kaunti moja. Ukitoa nafasi kwa jina la kaunti pekee, mara zote itachukuliwa na aliyekuwa karibu nayo tangu mwanzo.

India, yenye uzoefu mrefu wa nafasi zilizotengwa, ilikutana na jambo hili mapema. Katika kesi ya Indra Sawhney ya 1992 Mahakama ya Juu iliamua kwamba familia zilizokwisha kuinuka ndani ya tabaka zilizo nyuma zitolewe kwenye mgao. Brazil ilipita njia nyingine: sheria yake ya 2012 ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma sekondari katika shule za umma. Katiba yetu ina ufunguo huo huo katika kifungu cha 27(7), kisemacho kwamba manufaa ya usawazishaji lazima yaende kwa mwenye haja ya kweli. Sisi tunaona shule aliyofanyia mtihani mtoto, na hali ya maabara yake, ni kipimo bora kuliko kaunti ya kuzaliwa au jina la kabila. Hakidanganyiki kwa urahisi, na kinapima kile kile kilichompunguzia pointi.

Je, daktari wake atakuwa hafifu?

Hofu hii inastahili jibu, kwa maana anayeiuliza ana mgonjwa nyumbani. Usawazishaji unagusa mlango wa kuingilia peke yake. Ndani, mtihani wa anatomia ni mmoja kwa wote. Wodi ni zile zile, mtihani wa mwisho ni ule ule, na baada yake kuna mwaka wa mafunzo kazini hospitalini kabla ya baraza la madaktari kumpa leseni kamili. Tofauti ya 42.6 na 40.3 inaeleza aliyoyapitia mtoto hadi Novemba ya kidato cha nne. Haisemi lolote kuhusu mikono yake miaka saba baadaye.

Lakini ukweli lazima usemwe upande wa pili pia. Kumwingiza mtu na kumwacha peke yake ni kumdhulumu mara ya pili. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo huangusha watu: anatomia, fiziolojia na baiokemia kwa pamoja, vitabu vinene vya Kiingereza, maabara ambazo wenzake walizizoea. Aliyetoka Kizingitini amepanda boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha basi la usiku, akafika siku ya usajili vyumba vya hosteli vimekwisha. Mkopo wa HELB ukichelewa miezi miwili, anakula mara moja kwa siku akijiandaa kwa mtihani wa mifupa 206. Akianguka, watu watasema pointi zake zilikuwa chache. Chuo kinachotaka kutenda haki humpa wiki kadhaa za Kemia na Biolojia kabla ya muhula kuanza, humuunganisha na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na humwekea chumba kabla hajapanda boti.

Kaunti 47 na mikoa 47

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010 na tena 2021, linapendekeza nchi zidahili kwa makusudi wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa ndio wanaoelekea zaidi kurudi na kubaki huko. Mfano tunaoupenda ni wa Japani. Chuo cha Udaktari cha Jichi kilianzishwa 1972 na mikoa yote 47 ya nchi hiyo kwa pamoja. Kila mkoa hupeleka wanafunzi wawili au watatu kila mwaka. Karo hulipiwa, na mhitimu hurudi kufanya kazi mkoani kwao miaka 9, yaani mara moja na nusu ya miaka 6 aliyosoma. Asiyerudi hulipa deni. Afrika Kusini nako, hospitali ya Mosvold huko Ingwavuma ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwafadhili vijana wa eneo lake: mwaka mmoja wa ufadhili, mwaka mmoja wa kazi nyumbani.

Kenya ina kaunti 47, idadi ile ile. Ila kwetu kuna fundo: afya ni kazi ya kaunti, elimu ya chuo kikuu ni ya serikali ya kitaifa. Anayehitaji daktari hana sauti katika kumchagua, na anayemchagua halazwi King Fahd, hospitali yetu ya Lamu. Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019. Haihitaji kundi kubwa. Wanafunzi wawili kwa mwaka, waliochaguliwa wazi kwa vigezo vilivyobandikwa ukutani na wakatia saini mkataba wa kurudi, ni madaktari 20 kwa kila miaka kumi ya udahili. Mkataba uwe na kaunti upande wa pili pia: wakirudi wakute ajira, kwa maana mipango ya namna hii huvunjika pale mhitimu anaporudi na kuambiwa hakuna bajeti.

Njia ya pembeni nayo isidharauliwe. Diploma ya tabibu huko KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, huanzia wastani wa C, na vyuo kadhaa huwapokea matabibu waliofaulu vizuri kuendelea na shahada ya udaktari. Ni ndefu, lakini anayeipita hufika akiwa ameshashika wagonjwa.

Kwa familia yenye mtoto anayejiandaa sasa

Walio katika mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE ya mwisho 2027. Kwao uamuzi ulifanyika mwisho wa kidato cha pili: aliyeacha Fizikia anategemea Hisabati peke yake kujaza nafasi ya tatu ya klasta, na aliyebaki na zote mbili hutumia iliyo bora. Wanaoingia gredi ya 10, mkondo wa kuuliza ni wa sayansi na teknolojia, wenye Hisabati kamili (Core Mathematics) na si ile nyepesi (Essential Mathematics). Mzazi aulize shuleni swali moja zaidi: vitendo vya Kemia hufanywa mara ngapi kwa muhula, na wanafunzi wangapi kwa kila bureti?

Tovuti ya KUCCPS ikifunguliwa, mtoto aangalie pointi zake za klasta ya udaktari zilizohesabiwa tayari, kisha azilinganishe na pointi za mwisho za miaka iliyopita kwa kila chuo. Kosa la kawaida ni kujaza udaktari kila mahali kwa vyuo vile vinavyofahamika zaidi. Vyuo vipya huwa na pointi za chini kidogo, na leseni ni moja. Chaguo za mwisho zijazwe kozi anayoiweza kwa hakika, kama uuguzi au utabibu, kwa sababu awamu za marekebisho huja nafasi nyingi zikiwa zimekwisha. Na asimwachie kijana wa saiba ajaze peke yake. Akae kando yake, asome namba ya kila kozi kabla ya kubonyeza.

Mwisho ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Muhammad, shule imesajili Mohamed, kitambulisho cha baba kinasema Mohammed. Shee amekuwa Sheikh, Bwanaheri imekatwa vipande viwili. KUCCPS, HELB na chuo kila mmoja atalinganisha, na kila tofauti ni safari nyingine ya boti hadi ofisi ya usajili, na pengine hati ya kiapo kwa wakili. Wabajuni, waliozoea kuulizwa maswali ya ziada kila walipoomba kitambulisho, wanajua jinsi karatasi inavyoweza kula mwaka mzima. Cheti cha kuzaliwa kirekebishwe kabla ya usajili wa mtihani kwa KNEC, baraza la mitihani, nakala ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na kila karatasi ipigwe picha kwa simu ya mzazi.